Kiarabu Hapa Kinyamaseke: Anza na Akiba Aliyonayo Mtoto

Ustadhi, kabla hujaandika "hadha kitabun" ubaoni, weka chaki chini kwanza. Waulize watoto kama neno "kitabu" wanalijua. Watacheka. Wanalijua tangu wakiwa wadogo. Basi hapo umeshapata mlango wa somo, na hujafundisha chochote bado.

Mtoto wa hapa Kinyamaseke, Uganda, haji darasani mikono mitupu. Nyumbani anasema Lukonzo. Sokoni, na kwenye barabara nzima ya kwenda mpakani, Bwera na Mpondwe, anasikia Kiswahili, cha upande huu na cha Kongo. Shuleni kuna Kiingereza. Na kifuani ana sura alizohifadhi, pengine Juzuu Amma nzima. Hiyo ni akiba kubwa. Mwalimu wa Kiarabu kule London hana darasa la namna hiyo. Wewe unalo, na ni bure.

Wasomi wana jina refu la njia hii: konstraktivizimu. Maana yake, mtu hujenga maarifa mapya juu ya yale aliyonayo, kwa kuyahangaikia mwenyewe, huku akishikwa mkono na anayejua zaidi. Piaget wa Uswisi na Vygotsky wa Urusi ndio wanaotajwa zaidi vyuoni. Umeshayasikia, yatosha. Twende darasani.

Vuna maneno kabla ya kupanda

Kipindi cha kwanza kabisa, usifundishe msamiati. Vuna. Gawa watoto makundi ya wanne au watano, kila kundi karatasi moja. Waambie waandike vitu na mambo ya sokoni kwa Kiswahili: samaki, sukari, kahawa, bei, faida, hasara, deni, mali, rahisi, ghali. Kisha uyasome kwa Kiarabu, polepole: samak, sukkar, qahwa, bay', fa'ida, khasara, dayn, mal, rakhis, ghali. Usitafsiri. Waache wayatambue wenyewe. Utaona nyuso zinavyobadilika.

Hesabu nayo ni mavuno. Sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu. Makumi kuanzia ishirini mpaka tisini, yote manane, ni ya Kiarabu. Mia na elfu pia. Mtoto anayehesabu pesa za Uganda kwa Kiswahili anataja Kiarabu kutwa nzima. Kazi yake sasa ni kunyoosha matamshi na kujaza mapengo: wahid, ithnan, thalatha, arba'a, khamsa, thamaniya, 'ashara.

Kama darasa lako halina Kiswahili cha kutosha, usikate tamaa. Waulize neno gani la Lukonzo linafanana na hili la Kiarabu. Watakuletea mengine usiyoyajua. Yaandike. Usione haya kujifunza mbele ya wanafunzi.

Tahadhari moja. Yapo maneno yaliyohama maana njiani. "Tajir" wa Kiarabu ni mfanyabiashara, hata kama hana kitu. "Hasra" ni majuto au huzuni, siyo hasira ya kukunja ndita. Fungua ukurasa wa nyuma wa daftari, uuite "marafiki wa uongo", na kila mtoto ajaze anapokutana nao. Wanaupenda ukurasa huo kuliko yote, kwa sababu ndipo wanapomkamata mwalimu.

Sarufi waigundue, usiihubiri

Andika ubaoni jozi tatu: darasa na madrasa, kitabu na maktaba, hukumu na mahakama. Uliza swali moja tu: hii "ma" mwanzoni inafanya kazi gani? Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu kwetu walimu. Hesabu mpaka kumi na tano moyoni kama ni lazima.

Mtoto mmoja atasema "ni mahali". Muulize mwenzake kama anakubali, na kwa nini. Wakishakubaliana, wape mtihani mdogo: "zara'a" ni kulima na kupanda. Shamba litaitwaje? Mtoto wa wakulima wa kahawa kule milimani atakupa "mazra'a" kabla hujamaliza kuuliza. Neno hilo hukumpa wewe. Amelijenga, na hatalisahau. Baadaye utamwonyesha kwamba mengine huja bila "a" ya mwisho, kama "matbakh", jiko. Usimwage yote siku moja.

Wingi wa Kiarabu nao huwatesa watu, lakini nusu yake watoto wanaujua. Shahidi, shuhadaa. Fakiri, fukara. Alimu, ulamaa. Hayo wameyasikia kwenye khutba za Ijumaa. Yapange ubaoni, umbo chini ya umbo. Sasa uliza: waziri je? Watabishana, kisha mmoja atasema "wuzaraa". Na amiri? "Umaraa." Umepata kanuni nzima bila kutaja neno "kanuni".

Kuna mambo ambayo hata huhitaji kuyafundisha, maana tayari wanayo. Vitabu vingi vya Kiarabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza hutumia kurasa kueleza kwamba sifa huja baada ya jina. Kwa mtoto wa hapa hiyo si habari. "Kitabu kipya", "kitabun jadid". Ndivyo asemavyo kwa Kiswahili, ndivyo asemavyo kwa Lukonzo. Pita.

Hali kadhalika upatanisho. Mtoto aliyezoea omundu, abandu, na ngeli nyingine zaidi ya kumi, ataogopaje jinsia mbili? Mwambie hivi: Kiarabu kina makundi mawili tu, na moja mara nyingi lina alama yake mwishoni. Kisha mpe maneno kumi ayagawe. Madrasa kabira, kitab kabir. Atashangaa ni rahisi kiasi hicho.

Vitenzi vichore kwenye safu mbili. Kushoto Kiswahili: ninaandika, unaandika, anaandika, tunaandika. Kulia Kiarabu, lakini umechanganya mpangilio: naktubu, yaktubu, aktubu, taktubu. Waunganishe kwa mistari. Wape sentensi za msaada zenye majina ya watu ili wasibahatishe. Watagundua kwamba lugha zote mbili huweka mtenda mwanzoni mwa kitenzi. Ongeza safu ya tatu ya Lukonzo, waijaze wenyewe. Hapo wao ndio mabingwa. Halafu mtoto mmoja mkali atalalamika kwamba "taktubu" ni wewe na pia ni yeye wa kike. Mpongeze. Mwambie awaeleze wenzake watatofautisha vipi.

Kikwazo kimoja utakiona mapema. Watoto hutafuta "ni". Wanataka kusema "hiki ni kitabu" na wanachomeka kitu katikati ya "hadha" na "kitabun". Usiwakaripie. Andika sentensi tano za Kiarabu pamoja na tafsiri zake za Kiswahili, uwaambie wapige mstari chini ya kila neno la Kiswahili lisilo na mwenzake. Mistari yote itaangukia "ni". Somo limekwisha.

Mafungu mawili ya Juzuu Amma

Hili ndilo zoezi ningekuomba ulianze wiki hii, kwa sababu halina gharama na linafanya kazi hata kwa watoto sitini.

Tafuta boksi la sabuni dukani. Likate kadi kumi na sita. Kila kadi andika kwa herufi za Kiarabu jina la sura moja: an-Nas, al-Falaq, al-Ikhlas, an-Nasr, al-Kafirun, al-Kawthar, al-Fil, al-'Asr, at-Takathur, al-Qari'a, az-Zalzala, al-Qadr, at-Tin, ash-Sharh, ad-Duha, ash-Shams. Majina tu, usiandike aya. Kadi zitashikwa na mikono mingi na nyingine zitaanguka chini, na hutaki kesi na wazee. Hata hayo majina yatunze kwenye bahasha kipindi kikiisha.

Toa agizo moja: someni kwa sauti, kisha mgawe mafungu mawili kwa namna lamu inavyosikika. Basi. Usiseme "herufi za jua". Usiseme "herufi za mwezi".

Watasoma. Watarudia. "Al-Falaq", lamu ipo. "An-Nas", lamu haisikiki, nuni imekazwa. Ndani ya dakika chache meza ina mafungu mawili, na hakuna aliyekosea sana, kwa sababu masikio yao yamefanya kazi hiyo tangu wakiwa na miaka mitano. Hawakujua tu kwamba wanajua.

Sasa fungueni msahafu. Waulize: mwandishi ameonyeshaje tofauti hiyo? Wataona sukuni juu ya lamu kwenye fungu moja. Kwenye fungu jingine lamu imeachwa tupu, na herufi inayofuata imebeba shada. Wamepata ushahidi kwa macho.

Hatua ya tatu ni ulimi. Watamke n, t, d, s, sh, z, kisha f, q, k, b, m. Ulimi uko wapi? Watakuambia kwamba kundi la kwanza hutumia sehemu ya mbele ya ulimi, na la pili hutumia midomo, koo au nyuma ya mdomo. Ni wakati huo tu unapowapa majina, shamsiyya na qamariyya, na kuwaambia kwamba herufi ishirini na nane zimegawanyika sawasawa, 14 kwa 14.

Halafu watie majaribuni. Waletee samak, qalam, shay, bab, waweke "al" wenyewe. Ukiona wanajiamini mno, tupa kadi mbili za mtego: al-Jumu'a na al-Layl. Jimu hutamkwa na ulimi, lakini lamu yake inasikika. Na al-Layl inaanza na lamu juu ya lamu. Hapo watagombana kwa dakika kumi. Usiamue haraka. Ugomvi huo ndio somo.

Mwalimu mwenye haraka angeandika orodha mbili ubaoni na kuwaambia wahifadhi. Wangehifadhi. Lakini mwezi ujao, ukiwapa neno jipya, wangekutazama wewe kungoja jibu.

Na kuhifadhi kwenyewe usikudharau. Wapo wanaorudi na digrii wakisema kukariri ni ushamba. Si kweli. Bila zile sura kifuani, zoezi hili lisingewezekana. Kuhifadhi kumeweka mali ghalani. Wewe unawafundisha kuitumia.

Yapo ya kuonyesha tu

Usigeuze kila kitu kuwa fumbo. Makharij, yaani mahali herufi zinapotokea mdomoni na kooni, hayagunduliwi, huigwa. 'Ayn, ha ya kooni, qafu, dhadi: tamka, wakutazame mdomo, warudie, uwasahihishe mmoja mmoja. Hiyo ni kazi ya masheikh wetu tangu zamani na waliifanya vizuri.

Unachoweza kuongeza ni sababu ya kuhangaika. Chora moyo na mbwa. Sema "qalb", sema "kalb", waonyeshe kidole kwenye picha sahihi. Kisha mwanafunzi aseme, wenzake waonyeshe. Anayetaka kusema moyo wake na kundi zima likaelekeza vidole kwa mbwa, hataichezea qafu tena.

Makosa ya kuandika, yachukulie kama mali ya darasa. Kusanya matano kutoka kwenye madaftari, yaandike ubaoni bila majina ya wenyewe. Makundi yatafute kosa na kulieleza. Kalamu nyekundu inamfundisha mtoto kuogopa. Kosa lililojadiliwa linamfundisha Kiarabu.

Fungua soko darasani

Kila baada ya wiki mbili au tatu, fanya gulio. Nusu ya darasa wauzaji, nusu wanunuzi. Vifuniko vya soda viwe pesa. Bidhaa ziwe za hapa: samaki wa Katwe, chumvi, kahawa, muhogo, ndizi. Neno wasilolijua wakuulize wewe, kwa Kiarabu: "Ma hadha bil-'arabiyya?" Ukifanya hivyo wanajifunza wanachokihitaji, muda huohuo wanapokihitaji.

Wape sentensi nne tu za kuanzia. "Bikam hadhas-samak?" "Bi alf wa khamsimi'a." "Hadha ghalin jiddan!" "La, hadha rakhis." Angalia ile "hadhas-samak": sini imekazwa, kama walivyogundua kwenye kadi. Usiwakumbushe. Ngoja uone nani atakumbuka.

Usiwasimamishe katikati kusahihisha. Tembea na daftari, andika unayoyasikia. Gulio likifungwa, ndipo muyajadili. Mtoto anayepatana bei huku akisahihishwa kila neno atafunga duka.

Hapa kwetu mpakani una bahati nyingine. Bwera utakuta watoto wenye ndugu Kasindi, upande wa Kongo, wanaosema Kinande, Kiswahili cha Kongo na Kifaransa kidogo. Wachanganye na wa upande huu. Mwenye Kiswahili kizuri akae na aliyehifadhi zaidi. Mwenye mwandiko mzuri akae na msemaji. Kila mmoja awe na kitu ambacho mwenzake anakihitaji, na uyabadilishe makundi kila mwezi ili pasiwe na mabwana na watumwa.

Kusaidia kuna kipimo chake. Fanya kama mwashi na jukwaa: liweke wakati ukuta unapanda, liondoe ukuta ukisimama. Wiki ya kwanza sentensi zipo ubaoni. Wiki ya pili futa nusu. Wiki ya tatu ubao uwe mtupu. Walimu wengi huweka jukwaa vizuri na kulisahau hapo mwaka mzima.

Muda, vitabu na mitihani

Kipindi cha dakika 40 kigawe hivi: dakika tano za kuvuna wanachojua, kumi na tano za fumbo kwenye makundi, kumi za kueleza na kubishana, kumi za kuandika kimyakimya. Maelezo yako wewe yasizidi dakika saba kwa jumla. Mpe mtoto mwenye saa akupime. Utastaajabu.

Kitabu usikitupe. Ukitumia Durusul-Lugha ya V. Abdur Rahim, ile ya Madina, au Al-'Arabiyya Bayna Yadayk, geuza tu mpangilio. Anza na mifano ya somo, ficha kanuni. Wakishaitaja kwa maneno yao, fungueni ukurasa walinganishe. Wakati mwingine maneno yao ni mafupi kuliko ya kitabu.

Kama uko sekondari, upepo unakusukuma. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioletwa na kituo cha taifa cha mitaala, NCDC, mwaka 2020, unamtaka mwanafunzi atende na siyo kusikiliza tu. Kundi lake la kwanza lilifanya mtihani wa UCE mwaka 2024. Kiarabu kimo katika masomo ya kuchagua, na Kiswahili ni lazima Senior One na Senior Two. Kwa hiyo mtafute mwalimu wa Kiswahili leo. Orodha yake ya maneno na orodha yako zina undugu, na kipindi kimoja cha pamoja kwa muhula hakitawadhuru.

Madrasa ina shinikizo lake. Mzazi anataka khitma, mtoto amalize msahafu, na wakubwa wanataka matokeo ya mtihani wa Idaad. Usibishane nao. Chukua kipindi kimoja kwa wiki cha kujenga, vingine viende kama kawaida. Baada ya muhula, mwalike mzee wa msikiti na wazazi wawili watatu. Usiwatolee hotuba. Mpe mtoto wa miaka kumi msahafu, afungue popote, aonyeshe lamu ya jua na lamu ya mwezi na aeleze kwa nini. Kisha mpe mzee kadi ya al-Layl, mwache mtoto amuulize swali.

Kwa kesho unahitaji boksi la sabuni, mkasi na kalamu ya wino mzito. Ukikosa mkasi, wembe utafaa, ila kata wewe mwenyewe.